Bendi imevunjika na mimi ni mpiga besi: nianzie wapi?

Swali

"Shikamoo kaka. Naishi Mwanza, nina miaka 34, napiga besi. Bendi yetu ilikuwa na watu sita na tumepiga pamoja miaka minane: Ijumaa na Jumamosi kwenye baa ya hoteli, siku nyingine harusi na sendofu. Mwezi wa nne kiongozi wetu, ambaye ndiye mpiga solo, alipata mkataba wa hoteli Dar es Salaam. Akaondoka na mwimbaji na mpiga kinanda, na huko wanatumia jina letu lilelile na kuimba nyimbo zetu. Vyombo tulivyonunua kwa kukatwa posho viko kwa shemeji yake, Igoma. Tangu hapo sijagusa gitaa. Mke wangu anasema nitafute kazi. Tulioachwa watatu tuanzishe bendi? Niwashitaki? Halafu juzi wamenipigia: kuna harusi hapa Mwanza mwezi wa Desemba, walishapokea malipo ya awali, wanataka nikawapigie besi. Niende?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Maswali yako nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio wako, maana kuna jambo umelitaja mara moja ukalipita na ndilo linaloamua mengine yote: wewe unapiga besi.

Ushauri utakaopewa mtaani ni ushauri wa waimbaji. Utaambiwa toa wimbo wako, simama mwenyewe, sasa ndiyo nafasi yako. Kwa mwimbaji ni kweli. Yamoto Band ilipofifia 2017, Aslay, mmoja wa waimbaji wake, aliachia wimbo juu ya wimbo peke yake mwaka huohuo, na mwanzoni mwa 2018 mwenzake Mbosso akawa ameshaingia WCB, lebo ya Diamond Platnumz. Mwimbaji akitoka kwenye kundi anaondoka na bidhaa nzima kooni. Anaingia studio, prodyuza anampa biti, wiki inayofuata yuko redioni. Wewe ukitoka, unatoka na sehemu ya kitu. Hakuna anayelipa kiingilio kwenda kusikiliza besi peke yake. Mpiga ala anaishi kwa kuitwa, na wanaomwita ni wanamuziki wenzake, si mashabiki. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya mwaka huu, uwe wa kushitaki, kunyamaza, kwenda harusini au kuanzisha bendi, upime kwa kipimo kimoja: baada ya hapo, wanaoweza kunyanyua simu na kuniita watakuwa wengi zaidi au wachache zaidi?

Huo si unyonge. Ndivyo wakubwa wa dansi walivyoishi, na wao walivunjikiwa na bendi mara nyingi kuliko wewe. Mwaka 1978 Mlimani Park, ile tunayoiita Sikinde, ilipoanzishwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ilikusanya wapigaji kutoka bendi nyingine. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alitoka bendi ya wafanyakazi, ile iliyoanza kama NUTA mwaka 1964 na leo tunaiita Msondo, na mpiga gitaa Abel Balthazar alitoka Dar International, akimwacha Marijani Rajabu aanze kutafuta watu upya. Mwaka 1985 kibao kikageuka. Mfanyabiashara Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound iliyokuwa chini ya Ndala Kasheba, akaunda International Orchestra Safari Sound kwa kuwachukua Gurumo, mwimbaji Hassan Bitchuka na Balthazar kutoka Mlimani. Hebu jiweke kwenye viatu vya wapigaji wa Kasheba: hawakugombana na mtu, hawakupiga vibaya, mwenye vyombo kaamua tu. Nayo hiyo International haikumaliza miaka kumi. Ilipokwisha, Gurumo akawa amesharudi Msondo na Bitchuka akawa amerudi Sikinde.

Walirudi. Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Bitchuka aliondoka Sikinde kwa namna iliyowauma waliobaki, na bado mlango haukufungwa. Shaaban Dede naye alizunguka Msondo, Sikinde na Bima Lee, na kila alikorudi alipokelewa. Muziki wetu wa dansi ni wa kuhama na kurudi, na anayerudi ni yule ambaye siku ya kuondoka, au ya kuachwa, alishindwa kumeza machungu yake lakini hakuyatangaza kwenye maiki. Siku hizi maiki iko mfukoni mwa kila mtu. Kama hujaandika lolote kwenye kundi la WhatsApp la wanamuziki wa Mwanza, usiandike. Kama ulishaandika, futa na usieleze kwa nini umefuta.

Sasa hilo la kutogusa gitaa. Wapiga ala wengi wakifika hapo hudhani wameuchoka muziki, wakati kilichokatika ni ratiba. Kwa miaka minane mwili wako umejua kwamba Ijumaa saa kumi jioni unapiga pasi shati, saa kumi na mbili uko ukumbini unavuta waya, saa mbili mnabishana na mpiga dramu kuhusu mwendo wa wimbo wa kwanza, na saa nane usiku unakula chipsi umesimama. Sasa Ijumaa saa mbili usiku uko sebuleni, watoto wanaangalia katuni. Hakuna anayekuja kutoa pole kwa jambo kama hilo, kwa sababu hakuna aliyekufa. Lakini ni msiba, na usishangae ukikushika Ijumaa na Jumamosi kuliko Jumanne.

Dawa yake si kukaa nyumbani kuusubiri upite. Ijumaa usiku ipangie kitu, hata kidogo: mazoezi na mpiga dramu wenu aliyebaki, kwaya ya kanisa kama unasali, kumfundisha kijana wa jirani. Ila usiende kukaa kwenye ile baa mliyokuwa mnapigia. Mashabiki watakununulia bia kwa kukuonea huruma, kila mmoja atataka kusikia kilichotokea, na utaisimulia hadithi hiyo mpaka igeuke kazi yako mpya. Nimeona wapigaji hodari wakiishia pale, kwenye bia za pole. Na ikiwa usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yanapita kichwani, hilo si la mwanamuziki mwenzio kulitatua. Nenda hospitali, Bugando hapo kwenu kuna madaktari wa afya ya akili, na mwambie mke wako kabla hujaenda.

Gitaa lenyewe tulirudishe taratibu. Ukilitoa leo kwenye mfuko utakuta nyuzi zimeshika kutu na sugu za vidole zimelainika. Nyuzi za besi ni ghali, na huenda huna hela yake sasa hivi, basi fanya walivyofanya wapiga besi siku zote: zifungue, zifute mafuta na jasho, zichemshe kwenye sufuria kwa dakika chache, uzikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Zitakuwa na mlio wa kueleweka kwa muda, si mrefu, lakini wa kutosha kuanzia. (Sufuria iombe ruhusa, nyumba yako isije ikavunjika nayo.) Kisha usipige wimbo hata mmoja wa bendi yenu. Kila wimbo wenu una pengo la mtu ndani yake, utafika pale solo inapoingia na hutasikia kitu, na utaliweka gitaa chini tena.

Piga "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Naitaja kwa makusudi, si kwa sababu kila mtu anaijua. Mwaka 1978 kundi la Watanzania lililokuwa likipiga Nairobi, Simba Wanyika ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, lilipasuka. Omar Shabani aliondoka na wenzake, na mmoja wao alikuwa mpiga besi, Tom Malanga. Wimbo ule waliurekodi wakiwa bendi changa, wakiwa wametoka kwenye mgawanyiko kama wenu. Weka simu pembeni, sikiliza besi peke yake: haina haraka, inatembea chini ya gitaa la rithimu, inaacha nafasi, na ukiiondoa wimbo mzima unaanguka. Ukishaishika, ihamishe kii. Ipige kwenye kii ambayo vidole vyako havijaizoea, maana kwa miaka minane umepiga kwenye kii alizozipenda mwimbaji mmoja. Hilo ni gereza ambalo hukulijua ulipokuwa ndani yake.

Hii inanipeleka kwenye deiwaka, yaani kuitwa kupiga kwa siku kwenye bendi ya watu. Najua kwa mtu aliyekuwa mwanachama wa bendi, kupiga deiwaka kunaonekana kama kushuka cheo. Achana na wazo hilo. Kwa miezi sita ijayo deiwaka ndiyo kazi yako na ndiyo tangazo lako, kwa sababu kila unapoketi kwenye bendi ya watu, wapigaji watano wanakusikia kwa saa nne mfululizo. Ila ina adabu zake, na mtu aliyekaa bendi moja miaka minane huwa amezisahau.

Fika kabla ya wenye bendi. Njoo na waya wako mwenyewe, na wa akiba. Kaa na kiongozi au mpiga rithimu mkiwa wawili, muulize kwa kila wimbo mambo machache tu: iko kii gani, beti ngapi kabla ya kibwagizo, chemko (pale wimbo unapochangamka) linaanzaje, na nani anatoa ishara ya kumaliza. Andika kwenye karatasi, bandika juu ya amplifaya. Wimbo wa kwanza piga noti chache kabisa, shikamana na mguu wa mpiga dramu, usioneshe ufundi. Mwimbaji akigeuka kukutazama, jua kuna kitu hakikai sawa, punguza, usiongeze. Malipo yajue kabla hujapanda jukwaani, na uyajue kutoka kwa mtu anayelipa, si kutoka kwa rafiki aliyekuita. Ukimaliza, saidia kukunja waya. Usiseme neno lolote kuhusu bendi yako ya zamani, hata ukiulizwa. Mpiga besi anayefika mapema, asiyelewa kabla ya kazi na asiye na maneno hapati shida ya kuitwa tena. Wa namna hiyo ni wachache kuliko unavyofikiri.

Ongeza pia kitu cha pili juu ya besi. Ukiweza kuitikia, yaani kuimba sauti ya pili bila kupoteza mkono, bendi ndogo ya hoteli itakuchukua kabla ya mpiga besi anayekuzidi ufundi, kwa sababu bajeti yao ni ya watu wanne na wewe mmoja umejaza nafasi mbili.

Kuhusu mke wako: anasema kweli, na hapingani na muziki. Kuna kipindi wanamuziki wa dansi walikuwa waajiriwa. Bendi zilikuwa za umoja wa wafanyakazi, za majeshi, za kiwanda cha nguo cha Urafiki, za shirika la Bima. Mtu alilipwa mshahara mwisho wa mwezi na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Dunia hiyo imekwisha, lakini imetuachia fikra kwamba mwanamuziki wa kweli hana kazi nyingine. Tafuta kazi ya mchana. Ukipata inayohusiana na ulichokijua, kama kufunga vyombo vya ukumbi au kusimamia sauti kanisani, vizuri. Usipoipata, duka la simu linatosha. Kitu kimoja tu kilinde: Ijumaa na Jumamosi usiku ziwe huru. Mkubaliane na mke wako hivyo wazi, kwa mwezi, na hesabu ya kila unacholeta kutoka deiwaka iwekwe mezani aione. Nyumba nyingi za wanamuziki hugombana si kwa sababu ya muziki bali kwa sababu hela ya muziki haijulikani ni kiasi gani.

Sasa twende Igoma. Vyombo ndivyo vinavyonipa wasiwasi kuliko jina na kuliko nyimbo, na sina maneno laini hapa: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Kisima aliweza kuvunja bendi na kuunda nyingine kwa sababu spika, magitaa na dramu vilikuwa vyake. Nyinyi mlikatwa posho, kwa hiyo vyombo ni vya watu sita. Lakini kadiri vinavyozidi kukaa kwa shemeji yake ndivyo vinavyozidi kuwa vyake, na spika isiyowashwa, kwa vumbi na panya, mwakani haitakuwa na thamani ya kugombania.

Kaeni nyinyi watatu mliobaki, mfungue daftari. Ukurasa wa kwanza, kila chombo kwa jina lake: spika ngapi na za ukubwa gani, miksa, amplifaya, maiki, stendi, hadi waya. Mbele ya kila kimoja andikeni kilinunuliwa mwaka gani, takriban kwa bei gani, na ushahidi ni nini: risiti, picha, ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe wa zamani wa simu una nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Kisha muandike mnachotaka. Nimekaa kwenye vikao vya kugawana vyombo vya bendi, na kosa linalojirudia ni kugawana vitu badala ya thamani. Huyu anabeba spika moja, yule spika nyingine, wa tatu miksa, na jioni ile kuna watu watatu wenye hasira na hakuna anayeweza kupiga hata kwenye kipaimara. Afadhali seti ibaki nzima upande mmoja na upande wa pili ulipwe. Kwa kuwa wenzenu wanapigia hoteli, na hoteli nyingi zina vyombo vyake, seti ibaki Mwanza. Mkishindwa kuelewana, kabla ya kufikiria mahakama mwendeeni afisa utamaduni wa halmashauri. Usuluhishi wa namna hii si mgeni kwake, na barua yenye muhuri wake humtoa shemeji mtu usingizini.

Jina je? Angalia kwanza kama mlilisajili. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na alama ya biashara pia ni BRELA lakini ni kitu kingine chenye kinga nyingine. BASATA, baraza la sanaa la taifa, ndiko mnakosajiliwa kama kundi la sanaa. Tafuta cheti, tazama majina yaliyoandikwa. Nahisi mtakuta ama hakuna usajili, ama kuna jina la kiongozi peke yake. Ikiwa ni hivyo, mimi nisingepoteza senti kwenye kesi ya jina. Jina la bendi ya hoteli Mwanza linafahamika Mwanza. Dar es Salaam wanaanza upya kama mtu mwingine yeyote. Baada ya ule mpasuko wa Nairobi palikuwa na Simba Wanyika, palikuwa na Les Wanyika, baadaye Issa Juma akawa na Super Wanyika yake, na wasikilizaji hawakupotea njia: walinunua sahani iliyowagusa. Mnachohitaji kwa wenzenu ni ruhusa moja tu, tena ya maandishi: kwamba na nyinyi mna haki ya kujitambulisha kuwa mlikuwa wa bendi hiyo. Hiyo inaleta kazi.

Siku hizi jina la bendi liko pia kwenye simu. Nani anashika nywila ya chaneli ya YouTube? Akaunti ya msambazaji inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya muziki iko kwa barua pepe ya nani, na hela zinaingia namba gani? Bendi nyingi za rika lenu zinagombania bango la ukutani huku mapato yanapita kwenye barua pepe ya mtu mmoja. Hilo liwe swali la kwanza mkikutana.

Nyimbo ni habari ndefu kidogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha mtunzi na mtumbuizaji, na wote wawili wana haki zao. Bendi kama bendi haitungi. Anayetunga ni mtu, au watu. Lakini desturi yetu ya dansi inafanya kazi vingine: mwimbaji analeta maneno na sauti, mpiga solo anatafuta mlango wa kuingilia, rithimu na besi wanajenga sakafu mazoezini, na wimbo ukipigwa redioni unatangazwa kwa jina la bendi. Wakati wa mapenzi hakuna anayeuliza. Mkitengana kila mtu anakumbuka alivyoutunga peke yake.

Kwa hiyo ukurasa wa pili wa daftari ni wa nyimbo. Kila wimbo mstari wake: maneno ya nani, sauti ya nani, nani walipiga siku ya kurekodi, studio ililipwa na nani. Uwe mkweli hata pale ukweli usipokupa kitu. Besi uliyoitunga wewe kwenye wimbo wa mwenzako haikufanyi kuwa mtunzi wa maneno yake, lakini unaweza kuomba mgawo, na mkikubaliana ni haki yako. Makubaliano hayo yasainiwe, kisha nyimbo zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zikiwa na majina sahihi. Wao kuziimba jukwaani Dar es Salaam kusikufanye ukeshe ukiwaza. Kwanza nanyi mtazihitaji hapo Mwanza. Andikeni kwamba pande zote mbili zinaruhusiwa kuzipiga, na kwamba hakuna upande utakaozirekodi upya bila idhini ya mtunzi.

Ya kuanzisha bendi na wenzako wawili, jibu langu ni bado. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na ikasimama, lakini yule alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Alihitaji watu wa kumsindikiza. Nyinyi mna besi, dramu na rithimu. Mna nyumba nzuri isiyo na mlango. Mkitangaza bendi leo mtamchukua mwimbaji wa kwanza atakayepatikana, kwa hasira ya kuwaonesha walioondoka, na baada ya miezi mitatu mtakuwa mnavunjika tena. Badala yake jiuzeni watatu kwa pamoja kama wasindikizaji. Mwimbaji wa injili anayetaka kupiga moja kwa moja, msanii wa Bongo Fleva anayealikwa tamasha na hataki kuimba juu ya sidii, hata bendi ya Bukoba au Musoma iliyopungukiwa: watu watatu wanaojuana miaka minane ni bidhaa adimu sana. Fanyeni mazoezi mara moja kwa wiki, mwe na nyimbo thelathini za kopi kwenye kii zozote. Mwimbaji wenu mtampata mkiwa kazini, na mtakuwa mmeshamsikia kabla ya kumwalika.

Laiti bendi zetu zingeachana kama Sauti Sol ya Kenya. Mwaka 2023 walitangaza mapema kwamba wanapumzika kama kundi, wakazunguka kuaga, wakafunga kwa Sol Fest Nairobi mwezi wa Novemba, huku kila mmoja akiwa ameshaanza yake, akiwemo Polycarp mpiga gitaa. Mashabiki walijua, mapromota walijua, hakuna aliyeachwa stendi na begi. Kwenu imeshapita. Lakini bendi yoyote utakayoingia sasa, siku ya kwanza, mkiwa bado mnacheka, andikeni karatasi moja inayosema vyombo ni vya nani, na mtu akiondoka anaondoka na nini.

Kuhusu harusi ya Desemba: nenda. Biharusi hakukukosea. Ukumbi huo utakuwa na watu mia kadhaa wa Mwanza wenye harusi zao mbele, na wanamuziki wengine watakuja kuwaona wenzao waliotoka Dar. Hakuna usiku mwingine mwaka huu utakaoonekana na kusikika hivyo. Ila nenda kama deiwaka. Taja bei yako, ya soko, si ya undugu na si ya kisasi. Nusu ije kwa simu kabla ya mwezi wa Desemba kuanza, na nusu mkononi kabla hujavaa gitaa. Omba orodha ya nyimbo kwa ujumbe wa WhatsApp ili makubaliano yabaki yameandikwa. Uliza pia kama na wenzako wawili wameitwa. Kama hawajaitwa, waambie wewe mwenyewe kwamba unakwenda, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.

Ukifika, salimia wote, piga kazi, usiguse habari ya vyombo wala nyimbo usiku ule, hata kiongozi akiwa ameshalewa na anataka kuomba msamaha. Hasa akiwa amelewa. Inawezekana kabisa watapigia vyombo vyenu vya Igoma, basi wakati wa kujaribu sauti vitazame kimoja kimoja, ujue kipi kinafanya kazi na kipi kimeshakufa. Na wiki moja kabla ya harusi, mtumie kiongozi ujumbe mfupi wa heshima kwamba asubuhi inayofuata usiku wa harusi, kabla hajapanda basi, mkae nyote sita mahali pasipo na pombe. Daftari lije na mpiga dramu. Wewe utakuwa na usingizi.